Nyuma ya Nyumba ya Mandewa

Chang'ombe, Dodoma
4 Februari 2024

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kicheche hajawamaliza kuku wako. Sisi huku hatujambo. Winfrida anakusalimu na wajukuu wako wanakuamkia.

Nakuandikia kwa kuwa simu kwako imekuwa kazi bure. Mara ya mwisho nilipaza sauti mpaka majirani wakatoka nje kuangalia nagombana na nani, na wewe ukanijibu kwamba ndiyo, mvua imenyesha. Ujumbe wa simu nao unasomewa na watoto wa jirani, na kabla ya jioni mtaa mzima umeshajua habari zetu. Kwa hiyo bahasha nitakuwa nampa Hezekia, yule kondakta wa basi, naye atakuletea mpaka mlangoni.

Mama, nimefikiri sana. Tangu baba atutoke unakaa peke yako katika vyumba vinne, na masikio ndiyo hayo. Mwizi akivunja dirisha utaamka asubuhi umkute ameshakunywa na chai. Naomba tuiuze nyumba ya Mandewa, uje ukae nasi. Sitakuficha, na karakana yangu ya mageti inahitaji mtaji. Mambo yamebana.

Nimemkabidhi kazi dalali mmoja, Miraji, kijana wa hapohapo Mandewa. Tunaanzia milioni arobaini na tano. Nyumba ya tofali za kuchoma, maji ndani, geti nililolichomelea mwenyewe, haitamaliza mwezi. Wewe kazi yako ni kuwafungulia wateja na kuwatembeza. Ningekuja mwenyewe, lakini siwezi kutoka hapa hata kwa siku mbili.

Mwanao,
Noel


Mandewa, Singida
20 Februari 2024

Mwanangu Noel,

Marahaba. Kuku wapo, kicheche amechukua mmoja tu, yule mwenye kelele, na kwa masikio yangu haya hata sikujua amepungua mpaka nilipohesabu.

Mtoto akililia wembe, mpe. Nyumba aliijenga baba yako na wewe ndiye uliyebaki katika watoto wetu. Ukisema iuzwe, iuzwe. Miraji alikuja akapigilia kibao kwenye geti, NYUMBA INAUZWA, kwa rangi nyekundu. Nilimwambia ametoboa kazi ya mwanangu. Akacheka akasema mama usijali, mwenye nyumba mpya ataziba. Jirani yetu Ignas alipoona, naye akatundika chake wiki hiyohiyo. Anasema anataka kurudi kijijini kufuga.

Wateja wa kwanza walikuwa mwalimu na mkewe. Niliwapokea kama ulivyotaka. Niliwatembeza sebuleni, vyumbani, jikoni, stoo, mpaka nyuma kwa baba yako. Watu wa adabu sana. Nilikuwa nimeandaa chai, lakini walipotoka kule nyuma walikumbuka kwamba wana safari, wakaondoka bila kuinywa.

Dodoma ni saa chache kwa basi. Hezekia anakwenda na kurudi, sura yake naiona kuliko ya mwanangu. Na mwandiko wako umekuwaje? Wewe uliyekuwa unapewa zawadi ya mwandiko shuleni, sasa herufi zinalala kama mtama uliopigwa na upepo. Au unaniandikia magotini, huku una haraka?

Mama yako,
Luciana


Chang'ombe, Dodoma
15 Aprili 2024

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Mwandiko usikusumbue, mkono umechoka na kazi.

Nyumba bado. Tumeshusha mpaka thelathini na nane na bado. Miraji ananiambia wateja wanakuja, wanaipenda, wanapiga hata picha za jikoni, lakini wakifika nyuma wanabadilika. Mmoja wao, mnunuzi wa alizeti mwenye fedha zake mkononi, ameuliza kama kaburi linaweza kuhamishwa.

Naomba usikasirike. Watu wanafanya hivyo siku hizi. Kibali kinatolewa, padri anakuja, kila kitu kinakwenda kwa heshima. Tungempeleka baba kwao Mungaa, akalale na wazee wake. Pengine hata yeye angependa. Nilitamani jambo hili tuliongee ana kwa ana, lakini safari bado haiwezekani.

Fikiria, Mama, kisha unijibu.

Noel


Mandewa, Singida
2 Mei 2024

Noel,

Barua yako nimeisoma mara moja, sikuirudia.

Baba yako hakutaka Mungaa. Alinunua kiwanja hiki kikiwa pori, watu wakamcheka kwamba anakwenda kukaa na fisi. Alisema mwanamume analala penye mji wake, na mji wake ni huu. Wewe ulikuwepo aliposema. Ulikuwa umemshika mkono.

Mvua za mwisho zimenyesha. Nimeomba vipande vya minyaa kwa Ignas, nimevipanda kule nyuma. Vimeshika vizuri.

Wasalimie watoto.

Mama yako


Mandewa, Singida
11 Juni 2024

Kaka Noel,

Habari za huko. Umenishutumu kwenye simu kwamba nakula njama na wanunuzi, ukataka nikuandikie kinachoshusha bei, tena niweke saini. Mimi ni dalali, kazi yangu ni mdomo. Kalamu tuliachana darasa la saba. Lakini nimekaa chini, nakuandikia.

Kaka, soko limelala. Zamani mtumishi akihamishiwa Singida alitafuta nyumba ya kununua. Siku hizi anakopa, anachukua kiwanja pembeni ya mji, anapandisha tofali moja moja, na mwaka wa pili anahamia bila madirisha. Nyumba ya mtu mwingine haitaki. Halafu kile chuo binafsi kilichokuwa kinatujazia wapangaji kimefungwa, kwa hiyo hata anayetaka kununua apangishe hana wa kumpangisha. Alizeti nayo imeanguka, na hapa kwetu alizeti ikianguka inaanguka na kila kitu, mpaka mahari.

Jambo jingine ni vibao. Kibao kimoja kikishuka, vya jirani vinafuata. Mzee Ignas alikuwa anataka arobaini. Kila mteja anamwuliza, mbona hapo kwa Mama Noel ni thelathini na tano, tena kuna geti zuri? Sasa ameshuka thelathini na mbili na mimi hanisalimii. Anasema nyumba yenu inamla.

Hayo ndiyo ya soko, na kwa hayo nasaini hata mara mbili. Lakini soko peke yake lingekula milioni tano, sita. Kilichokula nyingine kipo nyuma ya nyumba na mimi si wa kukisema. Mama Noel ananiita mwanangu, na kila nikileta mteja ananiwekea ugali wa uwele na mlenda. Siwezi kula kwake kisha nikamsemea kwako.

Njoo ujionee, kaka. Nakuomba sana, njoo.

Miraji


Chang'ombe, Dodoma
7 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Nilimbana Miraji kwenye simu mpaka akasema.

Amesema kando ya kaburi la baba umepima mahali pengine. Umepanga mawe, umezungushia minyaa, unapafagia kila asubuhi. Kila mteja unamfikisha pale na kumwambia, hapa ni pangu, nikifa nitaletwa hapa, na ninyi wenye nyumba mtawafungulia geti waombolezaji wangu. Unamwambia hivyo mtu aliyekuja na mke wake na mtoto mgongoni. Mama, nani atanunua nyumba yenye msiba unaosubiriwa?

Tumefika ishirini na mbili. Nusu ya nyumba imeliwa na maneno yako. Kama hukutaka, kwa nini hukuniambia hapana tangu Februari? Ulisema iuzwe. Barua yako ninayo hapa.

Nakuomba kama mwanao. Fedha hizi nazihitaji kabla ya mwaka kwisha. Usiniulize zaidi ya hapo. Miraji akileta mteja, mtembeze, mpe chai, na nyuma unyamaze.

Noel


Mandewa, Singida
25 Julai 2024

Noel,

Ni kweli, kila neno. Na Miraji usimgombeze, amevumilia kuliko nilivyotarajia.

Sikumdanganya mtu. Anayenunua nyumba ana haki ya kujua nani anakaa ndani yake. Kukuambia hapana sikuweza. Mjane akimkatalia mwanawe, watu husema amezeeka vibaya, anang'ang'ania mali. Nikaona wanunuzi wakukatalie kwa niaba yangu. Sioni aibu kusema hivyo.

Unataka nije Dodoma nilale chumba kimoja na watoto, sisikii wanachosema, watu wakizungumza mimi nacheka wanapocheka. Siku nikifa utanipeleka makaburi ya mji, nipangwe kwenye mstari na watu nisiowajua. Baba yako akiamka siku ya mwisho atanitafuta wapi?

Na wewe, tangu Pasaka ya mwaka jana sijaiona sura yako. Mtu anayeihitaji nyumba ya mama yake angekuja kuiomba kwa mdomo wake. Inaniuma, mwanangu. Inaniuma kwamba umekuwa mtu wa kutuma bahasha.

Mahali pale ni pangu. Nimepapima kwa urefu wangu mwenyewe, kwa kanga yangu. Hakuna mtu mwingine atakayelala pale.

Luciana


Chang'ombe, Dodoma
1 Septemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni mimi, Winfrida. Noel hajui kwamba nakuandikia, na akijua atakasirika. Lakini wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimechoka kuficha.

Mama, kaa chini kwanza, kisha usome.

Noel ni mgonjwa. Figo zake zimekufa zote mbili. Ilianza mwaka jana, miguu ikawa inavimba, tukadhani ni kusimama kutwa kwenye kazi. Sasa anaishi kwa kusafishwa damu hospitali. Daktari anataka mara tatu kwa wiki. Ndiyo maana haji Singida. Akikosa zamu anajaa maji mpaka anakosa pumzi, na usiku analala ameketi. Hata huo mwandiko uliouulizia, ni mkono uliovimba.

Karakana haipo, Mama. Tuliuza pikipiki, kisha mashine za kuchomelea, kisha vyuma vilivyobaki tukavipima kwa kilo. Tulimudu mara tatu, ikawa mara mbili, sasa ni mara moja kwa wiki. Nyumba ya Mandewa ilikuwa ni kwa ajili hiyo.

Nilimwambia tangu mwanzo, mwambie mama. Anajibu kwamba presha yako itapanda, kwamba ndiyo kwanza umetoka kumlilia baba, hawezi kukubebesha kilio kingine. Alitaka upone kwanza huzuni yako, naye apone figo zake, ndipo akusimulie mkiwa mnacheka.

Barua yako ya Julai aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya mto. Nisamehe kwa kukwambia hivi.

Mkweo,
Winfrida


Mandewa, Singida
5 Septemba 2024

Mwanangu, mwanangu Noel,

Usimgombeze Winfrida. Amefanya ulilopaswa kulifanya wewe, na mimi nilipaswa kuliuliza. Niliuona mwandiko. Niliuona kabisa, nikaugeuza utani.

Minyaa nimeikata yote leo asubuhi. Mizizi ilikuwa imeshika, nikakata kwa panga nikaacha visiki, utomvu ukaniingia jichoni, kwa hiyo ukiona herufi zinapishana usishangae, safari hii ni zamu yangu. Mbuzi nimewauza na kuku nimewauza. Fedha Miraji ameshakutumia kwa simu mbele yangu. Ni chache, usizichekee. Zikupeleke hospitali hata mara mbili tatu.

Nimemwambia Miraji auze kwa bei yoyote itakayofikia. Baba yako ahamishwe. Nilikwenda nikakaa kwenye kaburi lake nikamwambia, mtoto anaumwa, ondoka tumpishe. Nadhani amenielewa. Alikuwa anakupenda kuliko alivyokuwa anaonyesha.

Lakini Noel, nimeharibu. Miraji anasema huko sokoni, stendi, mpaka kanisani, watu wanaiita nyumba ya makaburi mawili. Nimepita kwa wale wote ninaowafahamu waliowahi kuja. Nimewaambia nilikuwa natania, mama mzee ana utani wake, mimi nitazikwa popote. Wananikaribisha kiti, wananipa maji, wanatikisa kichwa. Yule mwalimu ameshanunua kiwanja. Wa alizeti haonekani. Hakuna anayeniamini, na kweli nilikuwa nimeyasema maneno yale vizuri mno.

Mwanangu, siitaki nyumba. Nakutaka wewe. Sema niuze bati peke yake, nitauza. Sema nije nilale sakafuni, nitakuja kesho na Hezekia. Niandikie neno moja tu.

Mama yako


Chang'ombe, Dodoma
28 Septemba 2024

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Mwandiko huu ni wa Winfrida, maneno ni yangu. Tumeshasameheana naye.

Fedha nimezipata. Juma lililopita nilikwenda hospitali mara tatu kama mtu mwenye mshahara. Nililala chali usiku kucha, Winfrida akawa ananiamsha kuhakikisha kama nipo.

Baba asihamishwe. Miraji amempata mtu wa Itigi, mfanyabiashara wa asali, anataka nyumba ya kufikia akija mjini. Ameambiwa habari ya kaburi la baba na amelikubali. Anatoa kumi na nne. Najua ni ndogo, lakini mpe. Anasubiri auze mzigo wake, anasema hadi Novemba fedha itakuwa tayari. Mpaka hapo tutavumilia.

Usije sasa. Subiri nyumba iuzwe, uje na mizigo yako yote, ukae kabisa. Sitakulaza chumba kimoja na watoto. Watoto watalala sebuleni.

Nilipokuandikia kwa ukali sikuwa mimi, ilikuwa ni sumu iliyojaa mwilini. Ninapokuwa nimesafishwa nakukumbuka vizuri. Nakumbuka ulivyokuwa unaniwekea ukoko wa ugali pembeni baba asione.

Mwambie Miraji akitoa kibao asiache misumari. Nikipata nguvu nitakuja kuziba yale matundu kwenye geti mwenyewe. Mtu wa Itigi asije akasema fundi wa geti alikuwa hovyo.

Mwanao,
Noel


Mandewa, Singida
24 Novemba 2024

Mwanangu Winfrida,

Natumaini mlifika salama na watoto wamerudi shule. Hapa watu wa jumuiya bado wanakuja jioni kusali. Nikiona midomo inatulia najua wamemaliza, nami nasema amina.

Yule mtu wa Itigi alikuja juzi. Alikuwa na fedha zake zote, na hakuwa amepata habari. Nilimfungulia geti tu, sikusema neno. Nilijiambia, safari hii nitanyamaza kama Noel alivyoniomba. Alifika nyuma akaona udongo bado mbichi, akavua kofia. Kisha akanigeukia akazungumza taratibu ili nimsome midomo. Alisema pole sana mama, ila mawili sitaweza. Sikumlaumu. Ni mtu mwema, aliniachia lita tano za asali.

Miraji aliniuliza sasa tuandike bei gani. Nimemwambia ateremshe kibao. Matundu yamebaki kwenye geti na sitaki mtu ayazibe. Ignas naye ameshusha tena, ameuza kwa kumi na sita, bei ya hasara. Nilikwenda kumwomba radhi kwa kumponza. Alinishika mkono akasema mama, mimi nimepoteza bei tu.

Nataka nikuambie jambo ambalo sikuweza kukwambia siku ile ya mazishi kwa ajili ya watu. Vijana walipokuja kuchimba waliniuliza wachimbe wapi. Nikawaonyesha pale. Mawe yangu yalikuwa yamekaa vizuri, wakasema mama umetusaidia. Baadaye mmoja akarudi akaniambia ni pafupi. Nilikuwa nimepima kwa kanga yangu, na Noel ana urefu wa baba yake. Ikabidi wasogeze mawe ya upande wa miguu na kung'oa visiki vya minyaa nilivyokuwa nimeviacha. Nilisimama pale nikiwaangalia, na ile barua yangu ya Julai ilikuwa inajisoma yenyewe kichwani mwangu. Winfrida, naona ni mimi niliyemzika mwanangu, na nilianza kuchimba mapema. Usinijibu kwamba si kweli. Nitakushukuru kwa kuniambia hivyo lakini nitajua ni huruma.

Njoo na watoto mkae hapa shule zikifungwa. Kama utaona panafaa, mbaki. Dodoma mnalipa kodi na hapa vyumba vinne vinalala vitupu, na hakuna tena atakayekuja kuvinunua. Mimi nitakuwa nasikia kidogo nikiwaona wanachezacheza. Siku yangu ikifika, niwekeni popote. Kuna nafasi ndogo upande wa choo, inatosha mtu mfupi.

Jana alikuja mwanamke mmoja kutoka Mkalama anatafuta chumba cha kupanga. Nilimtembeza sebuleni, vyumbani, jikoni, na miguu yenyewe kwa mazoea ikatupeleka nyuma. Akanyoosha kidole akauliza, mama, hapa ni pa nani? Ulimi ukatangulia, nikamjibu kama nilivyokuwa nawajibu wote, nikasema hapa ni pangu. Kisha macho yake yakaenda kwenye msalaba, akasoma jina na mwaka wa kuzaliwa, akanitazama. Nikaingia ndani kumwekea chai.

Mama yenu,
Luciana